Kumkabili Mpinzani wa Mtindo Usioufahamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wachezaji na makocha wa Nairobi wa ngumi, karate, taekwondo, judo, mieleka na jujitsu ya Kibrazili, hasa wale ambao wamefika kiwango cha kushindana na wameanza kukutana na watu waliofunzwa kwa njia nyingine. Hayachukui nafasi ya mwalimu anayekuona ukifanya mazoezi.

Mtindo huhesabiwa kuwa mgeni kwa kipimo gani?

Wengi hudhani kwamba ugeni uko katika umbo la mbinu, kama vile teke la kuzunguka au mkao usio wa kawaida. Lakini mpiganaji aliyekomaa hutegemea makadirio ambayo mwili wake huyafanya bila yeye kufikiri: mkono wa mpinzani unafika wapi, konde la pili hufuata la kwanza baada ya muda gani, hatari hutokea upande upi, na mwamuzi hutenganisha wakati gani. Mtindo mgeni ni ule unaoyapotosha makadirio hayo. Bondia akisimama mahali ambapo ngumi haimfikii huamini kuwa yuko salama, kumbe mbele ya mtu wa taekwondo umbali huo ndio hasa umbali wa teke. Mtu wa taekwondo naye, ambaye amezoea nafasi pana, hupigwa na butwaa anapong'ang'aniwa kifua kwa kifua, mahali ambapo miguu yake haina kazi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza jina la mtindo wa mpinzani au rangi ya mkanda wake, uliza anapenda kusimama umbali gani.

Inakuwaje bingwa akababaishwa na mtu ambaye kwa vipimo vingi ni dhaifu kuliko yeye?

Macho yakiona ishara moja inayotarajiwa, mkono huanza kujibu baada ya takriban milisekunde 200, na konde la haraka huweza kufika katika muda unaokaribia huo. Anayesubiri kuiona ngumi ndipo aikwepe amekwisha kuchelewa. Mzoefu hasubiri ngumi: hutuliza macho kifuani mwa mpinzani, akasoma bega, nyonga na mguu uliobeba uzito, na kujua kinachokuja kabla hakijaondoka. Usomaji huo hujengwa kwa raundi nyingi mno dhidi ya watu wanaofanana, na siku anapotokea asiyefanana nao haumfai kitu.

Mfano ulio karibu zaidi ni bondia wa mkono wa kushoto. Kwa kuwa takriban asilimia 10 tu ya watu hutumia mkono wa kushoto, bondia wa kulia huweza kumaliza miezi kadhaa bila kukutana na mmoja wao, hali bondia wa kushoto hupambana na watu wa kulia karibu kila siku ya mazoezi. Wakisimama uso kwa uso, miguu yao ya mbele inakabiliana, mikono yao ya mbele inagongana, na ngumi iliyonyooka ya mkono wa kushoto inapata njia ya katikati ambayo bondia wa kulia hajazoea kuilinda. Katika michezo inayoruhusu mateke hali ni mbaya zaidi, kwa sababu teke la mguu wa kushoto hutua ubavu wa kulia, uliko ini. Dawa yake inajulikana, ingawa hufundishwa kwa haraka mno: weka mguu wako wa mbele nje ya mguu wake wa mbele, zunguka kuelekea kushoto kwako ili uuhepe mkono wake wenye nguvu, ushughulishe mkono wake wa mbele kwa mkono wako wa mbele, na utegemee ngumi ya kulia iliyonyooka kuliko ile ya kupinda.

Je, inanipasa kujifunza mbinu zote za mpinzani wangu?

Haikupasi, na kujaribu kufanya hivyo kunaweza kukudhuru. Mwaka 1952 mwanasaikolojia Mwingereza W. E. Hick alionyesha kwamba kadiri idadi ya machaguo inavyoongezeka, ndivyo muda wa mtu kujibu unavyorefuka. Mpiganaji aliyejazwa majibu kumi na mawili wiki moja kabla ya pambano huingia ulingoni akiwa mzito kuliko alivyokuwa.

Kinachofaa ni kutafuta milango. Mbinu ni nyingi, lakini nyingi kati yake hupitia hatua chache za maandalizi ambazo haziepukiki. Anayetaka kukubeba miguu yote miwili sharti ashuke kiunoni na kufika umbali wa mkono. Anayetaka kukupiga teke la kuzunguka kwa mgongo sharti kwanza ageuze kisigino na bega. Anayetaka kukukaba shingo kwa nyuma sharti apate mgongo wako. Ukiizuia hatua hiyo, hutahitaji kujua majina ya mbinu zinazofuata.

Nifanye nini katika raundi ya kwanza?

Chunguza, lakini usizubae. Simama hatua moja nyuma ya umbali wako wa kawaida, inua mikono kuliko ulivyozoea, na umpe mpinzani vitisho vidogo: bega linalotikisika, mguu unaogusa sakafu kana kwamba unaingia, ngumi isiyokamilika. Unachotafuta ni jibu lake la kwanza, kwa kuwa hilo ndilo alilolizoea. Je, hurudi nyuma moja kwa moja, huinua mguu, hushuka kiunoni, au hupiga palepale? Vilevile tazama anafanya nini baada ya shambulio lake kuisha, maana wengi hupanga kuingia kwao vizuri na kuacha kutoka kwao kwa bahati.

Usitupe ngumi au teke la nguvu zako zote kabla hujamjua. Shambulio zito lililokosa shabaha ndilo ambalo mtu wa mieleka analisubiri.

Kumbuka pia kwamba ngumi za ridhaa huwa na raundi tatu za dakika tatu, kwa hiyo atakayetumia raundi nzima kuchunguza amepoteza theluthi ya pambano na pengine raundi yenyewe mezani kwa majaji. Dakika moja inatosha. Kocha naye, wakati wa mapumziko, atoe agizo moja tu. Nimeona makocha wakitoa hotuba nzima kwa mtu anayehema, na sijui walitarajia akumbuke nini. Kwa wageni wanaotoka Mombasa au Malindi kuna jambo la ziada: Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na pumzi wanayoitegemea huweza kuwaishia mapema kuliko walivyozoea.

Sheria za mchezo wake zina uhusiano gani na namna ya kumkabili?

Kwa maoni yangu hapa ndipo penye ufunguo, na ndipo makocha wetu wengi wanapopita haraka. Kila mtindo umechongwa na sheria zake, na mahali ambapo sheria zimemlinda mtu ndipo anapokuwa wazi sheria zikibadilika. Mtu wa taekwondo ya mashindano huweka mikono chini kwa sababu kupiga uso kwa ngumi hakuruhusiwi katika mchezo wake; si uzembe, ni hesabu iliyo sahihi nyumbani kwake. Katika judo, kushika miguu ya mpinzani kulipunguzwa kwa sheria za mwaka 2010 na kupigwa marufuku kabisa mwaka 2013, hivyo mwanajudo aliyeanza baada ya hapo huenda hajawahi kulazimika kuulinda mguu wake mashindanoni. Mwanajudo huyohuyo, akiangushwa, huwa mwepesi kugeuka na kulala kifudifudi, kwa kuwa kubanwa chali kwa sekunde 20 ni kushindwa. Mbele ya mtu wa jujitsu, kulala hivyo ni kumkabidhi mgongo na shingo.

Karate ya pointi inatoa funzo kali zaidi. Katika fainali ya Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa akiongoza dhidi ya Sajad Ganjzadeh wa Iran alipomtupia teke la kichwani lililomzimisha. Hamedi akaenguliwa kwa kupiga bila kiasi, na dhahabu ikamwendea yule aliyetolewa kwa machela. Mtu aliyelelewa katika sheria hizo ana kasi ya kuingia na kutoka ambayo bondia wengi hawajaiona, lakini pia amezoea kwamba baada ya pigo safi mwamuzi husimamisha. Mchezo usiposimamishwa, nusu sekunde ile ya kutulia inakuwa yako.

Kwa sababu hiyo, pambano la watu wa mitindo tofauti huanza mezani, masharti yanapoandikwa. Muhammad Ali alipokutana na mwanamieleka Antonio Inoki katika ukumbi wa Budokan, Tokyo, tarehe 26 Juni 1976, masharti yaliyokubaliwa yalimnyima Inoki mbinu zake nyingi. Inoki akatafuta kilichosalia: alilala sakafuni kwa sehemu kubwa ya raundi 15 huku akiipiga miguu ya Ali kwa mateke. Matokeo yalikuwa sare, watazamaji walikasirika, na Ali alihitaji matibabu ya hospitali kwa ajili ya miguu yake. Kabla hujakubali pambano la namna hiyo Nairobi, soma masharti mstari kwa mstari, na uulize kuhusu viwiko, magoti, kushika nguo na muda wa kuwa chini.

Mimi ni bondia. Kwa nini mateke ya chini yananimaliza?

Kwa sababu mkao mzuri wa ngumi ni mkao mbaya wa kupokea mateke. Bondia huweka uzito mwingi kwenye mguu wa mbele, huuelekeza ndani kidogo, na huutumia kama nguzo ya kugeuzia nyonga. Mguu wenye uzito hauwezi kuinuliwa upesi. Mwaka 1988 huko Las Vegas, Rick Roufus wa Marekani alimwangusha Changpuek Kiatsongrit wa Thailand na kumvunja taya katika raundi ya kwanza. Changpuek hakujibu kwa ngumi. Aliendelea kuupiga mguu wa Roufus, teke baada ya teke, hadi katika raundi ya nne Mmarekani hakuweza tena kusimama.

Tangu wakati huo shabaha imeshuka. Teke la kwenye shavu la mguu hufika upesi zaidi kuliko la paja, tena hupita karibu na mshipa wa fahamu unaouinua unyayo, ndiyo maana aliyepigwa huonekana kana kwamba amekanyaga shimo. Katika mapigano mchanganyiko, yanayoruhusu ngumi, mateke na mieleka pamoja, Dustin Poirier alilitumia dhidi ya Conor McGregor mjini Abu Dhabi, Januari 2021, akauharibu mguu wa mbele wa mtu aliyependa kusimama kiupande, kisha akammaliza kwa ngumi katika raundi ya pili.

Njia za kujilinda ni tatu, na huhitaji kuzimudu zote: kuinua mguu na kugeuza muundi nje ili teke likutane na mfupa, kuuondoa mguu kabla teke halijafika, au kuingia ndani kwa ngumi palepale linapoanza, kwa kuwa anayepiga teke amesimama kwa mguu mmoja. Kwa bondia, hii ya tatu ndiyo iliyo karibu na anachokijua, ilhali ile ya kwanza huchukua miezi kuiva na inauma sana katika kujifunza.

Na nikikutana na mtu anayetaka kunipeleka chini?

Tarehe 12 Novemba 1993 mjini Denver, Royce Gracie wa Brazili, mtu wa jujitsu ambaye hakuwa mkubwa wa umbo, aliwashinda watu watatu usiku mmoja: bondia Art Jimmerson, Ken Shamrock na mwanakarate Gerard Gordeau. Jimmerson aliingia akiwa amevaa glavu moja tu, akasalimu amri bila kujua afanye nini chini ya uzito wa mtu mwingine. Kwa miaka michache ilionekana kwamba hakuna jibu la kuikabili jujitsu. Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: watu wa mieleka walijifunza kuzilinda shingo zao, wapiga ngumi walijifunza kutoanguka, na Mei 2006 Gracie huyohuyo alishindwa katika raundi ya kwanza na Matt Hughes, mwanamieleka aliyekuwa ameelewa mchezo wa chini kiasi cha kutoogopa kuwa nao hapo.

Kwa anayeanza, utaratibu ni huu. Kwanza usianguke: mpinzani akishuka kukukamata miguu, tupa nyonga na miguu yako nyuma, mlalie mabegani kwa uzito wako wote, na upitishe mikono chini ya makwapa yake. Usiegemee ukuta au kamba kwa mgongo. Pili, ukianguka, kidevu kifuani na viwiko vikae karibu na mbavu. Kumsukuma kwa mikono iliyonyooka ni kumpa mkono avunje. Usimpe mgongo kwa haraka ya kusimama. Tatu, simama kwa kutumia mkono mmoja sakafuni, mguu mmoja ukiwa kati yako na yeye, uso ukimtazama.

Hata hivyo, ugeni huzaliwa upya. Desemba 2018 Ryan Hall alijiviringisha chini ya miguu ya BJ Penn, aliyewahi kuwa bingwa wa uzani mbili na mwenye mkanda mweusi wa jujitsu, akamfunga kisigino na kumlazimisha asalimu amri katika raundi ya kwanza. Penn hakuwa mjinga wa mchezo wa chini. Ufungaji wa miguu ulikuwa umekua mbele ya kile alichokulia.

Basi nibadilishe mtindo wangu?

Badilisha umbali, upana wa miguu na kasi ya kuingia. Silaha zako ziache zilivyo. Bondia anayeanza kurusha mateke wiki tatu kabla ya pambano humpa mpinzani zawadi.

Video zinasaidia kiasi gani?

Husaidia kuona mazoea, wala hazifundishi kasi. Tafuta mapambano ambayo mpinzani alishindwa au alipata shida, kwa sababu watu hujipakia mtandaoni wakishinda. Tazama bila sauti, mara moja ukifuata miguu tu, mara nyingine ukifuata anachofanya akibanwa.

Katika mashindano ya mtoano, hata hivyo, mara nyingi hakuna nafasi ya kujiandaa hivyo. Robert Wangila aliyetwaa dhahabu ya ngumi ya Olimpiki kwa Kenya mjini Seoul mwaka 1988, akimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali, alipitia wapinzani wa shule mbalimbali za ngumi ndani ya mashindano hayo. Anayekwenda huko hana budi kuwa na tabia ya kuchunguza iliyokwisha kuingia mwilini.

Nitapata wapi wenzangu wa mitindo mingine hapa Nairobi?

Wapo, ila mji umewatenganisha. Ngumi zina mizizi katika kumbi za kijamii za Eastlands, kuanzia Kaloleni hadi Kariobangi. Taekwondo na karate zimeenea shuleni na vyuoni. Judo ina nguvu katika vikosi vya usalama. Jujitsu na mapigano mchanganyiko hupatikana zaidi katika jimu za kulipia za upande wa Westlands na Kilimani. Matokeo yake ni kwamba kijana wa Umoja huweza kupigana miaka mingi bila kuguswa na mtu anayejua kukaba shingo. Nauli ni kikwazo cha kweli, na kuvuka mji jioni ya siku ya kazi huchosha kuliko mazoezi yenyewe, kwa hiyo makocha wapange ziara za Jumamosi asubuhi na kupokezana kuwa wenyeji.

Ukienda, kocha wako ampigie mwalimu wa pale kwanza. Vua viatu kabla ya kukanyaga mkeka, msalimie mwalimu kwa cheo anachoitwa pale, kata kucha, na useme wazi kiwango chako na majeraha yako. Usiende kuthibitisha kwamba mtindo wako ni bora. Anza kwa mazoezi yenye masharti: kwa dakika tatu, bondia anatumia mikono tu na mwanajudo anatafuta kumshika tu, kisha dakika tatu nyingine wakianzia tayari wameshikana. Kwa nusu ya nguvu mtu hujifunza mengi, maana ana nafasi ya kuona kilichomkuta. Mahali ambapo mgeni anapigwa hadi azimike ili wenyeji wafurahi, usirudi.

Je, mitindo ya Kiafrika ina nafasi katika haya?

Ina nafasi kubwa kuliko inavyopewa. Oumar Kane wa Senegal, anayejulikana kama Reug Reug, alitoka katika mieleka ya kwao iitwayo laamb, ambako wachezaji hupigana kwa ngumi na kuangushana mchangani, na Novemba 2024 huko Bangkok akamshinda Anatoly Malykhin na kutwaa ubingwa wa uzani mzito wa shirika la mapigano mchanganyiko la ONE Championship. Mpinzani aliyemwona kama mtu wa nguvu tu angekosea, kwani mtu wa laamb amezoea kupigana huku akitafuta kushika, jambo ambalo wengi hulijifunza ukubwani. Nchini kwetu mchezo wa fimbo wa kirumbizi huko Lamu huchezwa kwa ngoma na sherehe, lakini atakayeutazama kwa jicho la mpiganaji ataona kupima umbali na kuhadaa kwa mwendo wa miguu.

Haya yote yatanisaidia nikivamiwa mtaani?

Kwa kiasi kidogo. Wanaopiga ngeta hawaji mmoja mmoja, hawasimami mbele yako, na huenda wana kisu. Toa simu, ondoka.

Ni tahadhari gani nichukue ninapojaribu mchezo mgeni?

Hatari kubwa ni kutojua ni wakati gani wa kusalimu amri. Kabari ya shingo hukupa sekunde chache, na kiwiko kinachonyooshwa huuma kabla hakijavunjika, lakini kisigino kinaposokotwa goti huweza kuchanika kabla maumivu hayajafika. Gonga mkeka mapema, na kwa miezi ya mwanzo mkubaliane kwamba mbinu hiyo haitumiki kabisa. Aliyepigwa kichwani akapoteza fahamu, akatapika au akachanganyikiwa asirudi mazoezini siku hiyo hata akisema yuko sawa, na apelekwe kwa daktari; hapaswi kuachwa apande matatu peke yake. Glavu za mapigano mchanganyiko ni nyembamba kuliko za ngumi, kwa hiyo mikono inayoziba uso haitoshi kukulinda kama ulivyozoea. Kinga ya meno na ya kinena nunua zako mwenyewe, na usiazime za klabu.